Jicho la Bibi Harusi

Selemani mwanangu,

Jina la Mwenyezi Mungu limetangulia, na mimi baba yako nafuata nyuma yake na penseli niliyoichonga kwa kisu cha kwato. Hakuna mtu aliyeniandikia. Ukiona mistari imepinda usidhani nimemtuma mtoto wa chuo cha Kurani. Ni mkono wangu, nao siku hizi unatetemeka, unajua mwenyewe. Naandika kwa herufi za Kiarabu maana za Kizungu sizijui zaidi ya zile zilizopigwa kwenye debe la mafuta ya taa. Lakini nenda kaulize hapa shambani, katika wazee wote wa rika langu, wakata mkonge na wachimba mitaro, nani awezaye kujaza karatasi hizi zote bila kumwita karani. Hutampata. Basi soma taratibu, na pale nilipofuta pasome vilevile.

Jana jioni nilikuona. Ulikuwa umekaa kwenye kitanda cha kamba, sanduku lako la bati liko wazi, unaitoa kanzu uliyokwisha kuikunja na kuirudisha kwenye msumari wake. Kisha ukaja bandani ukaniuliza, "Baba, adhuhuri nani atamtia dawa?" Nikakujibu, "Mungu yupo." Mungu yupo kweli, lakini namna nilivyolisema nilitaka usikie kwamba hakuna mtu.

Kwa hiyo najua kesho unakusudia kutokupanda lori. Itakuwa mara ya tatu. Mara mbili umeitwa Morogoro kwa yule fundi wa magari, mara mbili umebaki kwa ajili ya jicho la farasi. Na fundi ametuma salamu kwamba safari hii usipofika atamchukua kijana mwingine. Barua hii ina kazi moja tu, upande lile lori. Habari za kukaa na watu, na kuswali kwa wakati, na kutokula chakula cha barabarani, shangazi yako Mwanahawa amekwisha kukwambia tangu juzi mpaka masikio yako yamechoka. Mimi sina la kuongeza huko. Mimi nina la jicho.

Unaijua hadithi hii kama ninavyoisimulia barazani. Leo nitakusimulia ilivyokuwa.

Mimi nilianza usaisi, kazi ya kutunza wanyama wa kupandwa, kwa punda wa Kimaskati wa Bagamoyo mjini, punda weupe, wakubwa, wenye maringo kuliko wenyewe. Nilikuwa naweza kumpima punda homa kwa kumshika sikio tu. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Ndipo Bwana, huyu Mgiriki wetu, alipomletea mkewe farasi jike mwekundu mwenye doa jeupe usoni, akauliza mjini kote nani anajua wanyama, na kila mdomo ukataja jina moja. Nchi hii ina mbung'o, na farasi akiumwa na mbung'o haoni mwaka. Basi akajengewa banda la wavu wa waya, milango miwili, unafunga mmoja ndipo unafungua wa pili, na moshi wa mavi ya ng'ombe unafukizwa asubuhi na jioni. Anatoka saa moja tu kwa siku, jua likiwa halijapanda. Wakata mkonge walipomwona amekaa ndani ya wavu wakasema, "Huyo ni bibi harusi, yumo chandaruani." Jina likamganda. La Kizungu hata mimi silikumbuki.

Toka Bagamoyo mpaka Msata hapakuwa na farasi mwingine. Na kama hapakuwa na farasi mwingine, hapakuwa na saisi mwingine. Hayo ndiyo yaliyoniponza.

Alikuwako Dunda, mtaa wa Bagamoyo mjini, seremala mmoja, Kibwana, Mungu amrehemu, rafiki yangu na adui wa maneno yangu. Kila nikienda mjini alinikaribisha kwa dhihaka. "Sefu, huyo farasi wako tunamsikia tu. Hata jini tunamsikia, lakini jini angalau huwatokea watu."

"Nitakuletea Idi," nikamwambia.

"Idi ya mwaka gani?"

Watu wakacheka. Basi Idi ile Bwana na mkewe walikuwa wamekwenda Dar es Salaam. Nikamtoa Bibi Harusi alfajiri, nikamvisha hatamu mpya ya kamba yenye pete ya chuma ubavuni, nikampaka mafuta kwato, nikaingia naye Dunda wakati watu wanatoka kuswali. Ee, Selemani! Ungeona watu walivyofungua njia. Wewe ulikuwa na miaka kumi, shangazi yako alikubeba begani ili uone, na ulikuwa unapiga kelele, "Baba yangu! Baba yangu yule!" Najua unaikumbuka siku hiyo. Unakumbuka nusu yake tu, kwa sababu alikurudisha nyumbani kabla ya nusu ya pili.

Nikamfunga farasi kwenye nguzo ya baraza kwa fundo langu. Unalijua fundo langu, nimekufundisha, lile ambalo likivutwa linazidi kukaza. Nikamfunga mfupi ili kichwa kibaki juu apendeze. Kisha nikaenda kula halua na kahawa upande wa pili wa njia, na kusikiliza watu wakinisifu. Zumari ikaanza. Mnyama aliyeishi maisha yake yote ndani ya wavu hajui zumari. Akavuta nyuma, miguu ikateleza, akaanguka ubavu wa kushoto, kamba imekaza na ile pete ya chuma imeingia chini ya sikio lake, kichwa chote kimeilalia.

Kibwana akaja mbio na tezo mkononi. "Kata kamba, Sefu!"

"Fundo langu halikatwi. Linafunguliwa."

"Mnyama anakufa!"

"Nimekwambia halikatwi!"

Nilikuwa nimejisifia fundo lile mbele ya watu wale wale. Nikapiga magoti nikalifungua kwa vidole, na uzito wa farasi unalikaza, na kila nilipoona limelegea lilikuwa halijalegea. Muda ule mtu angeswali rakaa mbili na kutoa salamu. Mwisho Kibwana alinisukuma, akakata mwenyewe kwa pigo moja.

Farasi akainuka. Sikio la kushoto lilikuwa linaning'inia kama tambara, na mdomo umekwenda upande.

Nilimrudisha shambani kwa njia ya nyuma. Bwana alipokuja nikamwambia ameanguka bandani, ameteleza kwenye sakafu. Mkewe alilia. Kibwana hakunisaliti mpaka anaingia kaburini. Mtu aliyenidhihaki miaka yote hakuwahi kunidhihaki kwa hilo, na kimya chake kilinielemea kuliko maneno yake yote.

Hapo ndipo mambo ya jicho yalipoanza. Jicho la kushoto lilikuwa halifumbi. Siku ya tatu ule mng'aro wa jicho la farasi, ambao ukisimama mbele yake unajiona mwenyewe na mlango nyuma yako, ukaondoka. Likawa kama kioo cha taa kilichoingia vumbi. Likatoka tongotongo nzito, za kunata, zinavutika kama ulimbo. Na mimi, mpima homa kwa sikio la punda, nikatazama nikasema jicho limejaa maji machafu, dawa yake ni kulikausha. Nikaponda shabu, lile jiwe jeupe la dukani, nikakoroga kwenye maji, ndivyo nilivyokuwa nikiwatibu punda wote. Nikamwosha asubuhi, mchana na jioni.

Mama yako aliniletea chakula siku moja akasimama nje ya wavu. Akasema, "Baba Selemani, jicho la kulia naliona linaniona. La kushoto halinioni. Hilo limekauka."

"Limekauka na tongotongo zote hizi? Mama Selemani, ujuzi wako uko kwenye chungu."

"Na chungu kikikauka nakijua."

Nikamfukuza. Nikatia shabu wiki nzima. Kila siku tongotongo zilizidi, na kila siku nilizidisha shabu, mpaka likatokea doa jeupe katikati ya jicho kama punje ya mchele.

Bwana akamleta daktari wa wanyama kutoka Dar es Salaam, Mzungu mwembamba mwenye Kiswahili cha vitabuni. Alitoa mfukoni karatasi ya kukaushia wino, akaikata vipande vyembamba kama ukili wa kusukia mkeka, akaingiza kimoja chini ya ukope wa jicho la kulia, akahesabu, akakitoa. Kimelowa karibu nusu ya kidole. Akaingiza kingine jicho la kushoto, akahesabu, akakitoa. Kilitoka kikavu kama kilivyoingia. Akanipa mkononi nikishike. Nikakishika.

"Saisi, umelitia nini?"

"Maji tu, Bwana."

Akachukua kile kitambaa changu kilichokuwa kwenye ndoo, akakigusisha ulimi. Shabu ina ukakasi, haijifichi. Akanitazama, nami nikatazama kwato. Bwana alikuwa amesimama pale pale. Daktari akamwambia kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, "Mshipa wa uso umeumia. Jicho halifumbi na halitoi machozi. Hizi tongotongo si maji, ni jicho linatafuta maji." La shabu hakulitaja.

Alishona kope pembeni nyuzi mbili za muda ili jicho lizibike nusu. Akaacha chupa ya dawa ya kile kidonda. Na zaidi ya hapo akanipa kazi ambayo unaifahamu kuliko unavyofahamu jina lako: maji ya mvua yaliyochemshwa na kupozwa, chumvi kidogo sana, kuosha bila kusugua, kisha tone la mafuta safi ya mbegu za mbarika yaliyochujwa kwa kitambaa cha bafta. Kila baada ya saa mbili, toka alfajiri mpaka isha. Kitambaa cha kivuli juu ya uso. Vumbi lisimfikie, upepo usimpige.

Bwana akauliza, "Mpaka lini?"

"Mpaka litoe machozi lenyewe. Pengine mwaka. Pengine maisha yake yote."

Nami nikasogea mbele nikajipiga kifua. "Bwana, hata miaka kumi. Mimi peke yangu. Mtu mwingine asiliguse jicho hili." Bwana alinishika bega, mkewe akanishika mkono. Walidhani ni mapenzi. Ilikuwa aibu inatafuta mahali pa kujificha, nayo ikajificha bandani, na mimi nikafungwa nayo humo. Ni mwaka wa saba.

Nimesimama kidogo. Nimetoka kumtia mafuta ya alasiri. Ndiyo, bado namtia. Utaelewa huko mbele.

Sikwambii haya unihurumie. Sitaki huruma ya mtoto niliyemlea. Nataka uone kitu kilivyonibana kidogo kidogo. Saa mbili si ndefu, Selemani. Ukitoka hapa kwenda Dunda na kurudi kwa miguu zimekwisha. Basi sikuenda tena harusi, nikasema farasi. Mazishi ya Kibwana nilifika watu wanatawanyika, nikatupia udongo wangu peke yangu nikarudi mbio. Barazani wakaanza kuniita Mzee Jicho, kwa mzaha, kisha bila mzaha. Na nilipenda! Bwana akija na wageni alikuwa akinionyesha mimi kwanza kabla ya farasi. "Huyu ndiye." Mke wake aliporudi kwao na Bwana akanunua gari la kupandia milima, farasi hakupandwa tena na mtu, lakini wageni waliendelea kuja kumwona mzee wa jicho. Nikawa mtu mkubwa wa ndani ya wavu.

Mama yako alivumilia miaka miwili. Siku aliyoondoka sikukwambia alichosema, nilikwambia amekwenda kumwuguza bibi yako. Alikuja bandani kwa adabu zake zote, hata viatu alivua nje. Akasema, "Sefu, wewe una mke. Mimi naomba talaka yangu."

"Mke gani?"

Akamwonyesha farasi kwa kidole. "Humwachi saa mbili. Mimi umeniacha miaka."

Nilikuwa na chombo cha mafuta mkononi. Ningeweza kukiweka chini. Nikamwambia, "Ngoja nimalize tone hili." Nilipogeuka alikuwa amekwisha vaa viatu. Talaka niliituma kwa watu, sikuipeleka mwenyewe, kwa sababu ya saa mbili. Yuko Lugoba, unajua, na lori lako likitoka Msata litapita mlangoni pa watu wa huko. Mwombe dereva asimame. Salamu zangu usimpe, hatazipokea na ana haki. Wewe kaonwe tu.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Tone likaenda puani mwa farasi, likaenda shavuni. Sikutaka mtu ajue. Wewe ulijua. Ulikuwa na miaka kumi na minne, ukachukua kile chombo mkononi mwangu, ukamwinua farasi ukope kwa kidole gumba, tone likaingia pale pale. Bibi Harusi hata hakurudisha kichwa. Ukasema, "Baba, kalale, adhuhuri na saa nane ni zangu." Najua ulitegemea nifurahi. Nilikwenda kulala nikiwa na wivu kama mke mkubwa. Na baadaye wivu ulipokwisha nikaona faida yake: sasa kuna mtu mwingine ndani ya wavu pamoja nami. Hilo sikulisema hata moyoni kwa sauti.

Mara ya kwanza ulipoitwa Morogoro, jicho lilikuwa na kidonda kweli. Hiyo usinidai, ilikuwa kweli.

Sasa ile ya pili. Hapa ndipo penseli inapokuwa nzito.

Nilikuwa nimemwomba karani karatasi ya kukaushia wino, nikamwambia ya kufungia tumbaku. Kila Ijumaa, wewe ukiwa msikitini, niliingiza kipande jichoni kama alivyofanya daktari. Miaka yote kinatoka kikavu. Mwezi wa Rajabu uliopita, Ijumaa moja, nikakitoa nikakuta kimelowa kidogo, kama ukucha. Nikasema ni mafuta. Ijumaa iliyofuata sikumtia kitu tangu alfajiri, nikapima. Kimelowa zaidi. Ijumaa ya tatu nikasimama mbele yake, nikamwona anafumba. Si nusu. Anafumba mpaka mwisho na kufumbua, na ndani ya jicho nikajiona mimi na mlango nyuma yangu.

Mwanangu, mtu mzima wa akili angetoka nje akapiga mbiu. Kazi ya miaka yote imezaa. Nimemponya! Hakuna saisi aliyefanya hivyo, nakwambia, hata daktari angevua kofia. Lakini Bwana alikuwa amekwisha kusema, zamani, mbele yangu: "Siku jicho likipona nitampeleka Lushoto kwa rafiki yangu. Kule baridi, mbung'o hakuna, atakimbia majanini." Kisha akanigeukia. "Na wewe mzee utapumzika."

Nipumzike wapi? Nikapumzike barazani nikiwa mzee gani? Jicho likiisha, Mzee Jicho ni nani? Mama yako hayupo, Kibwana hayupo, mikono haifai hata kwa punda. Nikakitupa kile kipande motoni, nikaendelea na maji na mafuta kama kawaida, na nikakuacha uendelee. Umetia mafuta jicho zima kwa miezi sita, Selemani. Umeamka alfajiri kwa ajili ya jicho zima. Na Bibi Harusi amekaa chandaruani miezi sita akiwa hana ugonjwa wowote ila mimi.

Kisha mwezi wa Mfungo Mosi, ukaitwa tena Morogoro. Ulikuja bandani unacheka, umeshika barua. Siku ile jioni, nilipokuwa nachemsha maji, nilitia chumvi mara tatu ya kiasi chake. Nilijua ninachofanya. Asubuhi jicho lilikuwa jekundu, limevimba, linachuruzika. Ukaliona, ukatazama chini, ukaiweka barua ya fundi mfukoni. Mimi nikakwambia, "Unaona? Haliwezi kukaa bila wewe." Maji yale yalikuwa yakimtoka farasi kwa uchungu, machozi yake mwenyewe, na wewe ulikuwa unayafuta kwa kitambaa ukidhani ni ugonjwa umerudi.

Hilo ndilo nililotaka ulijue. La zumari na fundo na shabu nimekusimulia kwanza kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuanza na hili.

Huko uendako kuna injini, na mimi injini siijui, sitajifanya naijua. Utafundishwa na wanaoijua. Ila kama utakumbuka kitu chochote cha bandani, basi kumbuka nilivyoingia kwa mgonjwa dawa ikiwa tayari mfukoni, nikalitazama jicho kwa dawa yangu badala ya kulitazama kwa macho yangu. Na mtu akikupigia kelele ukate kamba, hata kama ni mtu anayekudhihaki kila siku, kata. Kamba nyingine zipo.

Bwana sijamwambia. Nikikuahidi kwamba nitamwambia keshokutwa nitakuwa naongeza uongo juu ya uongo, nawe umekula wa kutosha. Huenda nitamwambia. Huenda atafunga safari ya Lushoto na mimi nitabaki nafagia banda tupu kama mwendawazimu. Huenda nitaogopa mwaka mwingine. Hilo ni langu na la farasi, wewe halikuhusu tena. Jicho halikuhitaji. Ili usiseme baba ana uzee, nimeweka humu ndani ya barua kipande cha karatasi nilichopima leo asubuhi kabla ya kumtia kitu chochote. Kitakuwa kimekauka utakapokifungua, lakini nimepiga alama ya penseli pale maji yalipofika. Kiweke kando ya kidole chako uone. Ni jicho la mnyama mzima.

Sasa nisikilize vizuri, maana mwanga unapungua.

Leo asubuhi nilikuita makusudi nikwambie haya kwa mdomo. Uliona nilivyokuita. Ulikuja, ukasema, "Shikamoo baba," nikasema, "Marahaba," na nilikuwa nimeyapanga maneno yote tangu usingizini. Nikafungua mdomo na nikasikia mdomo unasema, "Leo jicho limekuwa jekundu kidogo." Halikuwa jekundu! Niliona bega lako linashuka. Hivyo ndivyo nilivyo. Kwa karatasi naweza kusema kweli, kwa sababu karatasi haina uso wako.

Kwa hiyo kesho usije bandani kuniaga. Nakukataza, na hii ni amri ya baba. Shangazi yako atakupa barua hii alfajiri pamoja na mkate, na kanzu nimeikunja mwenyewe nikairudisha sandukuni, imejikunja vibaya, utainyosha Morogoro. Toka kwa mlango wa uani. Lori linasimama kwenye mzani wa mkonge, na kutoka mzani mpaka bandani sauti inafika, nimeipima. Nitakapolisikia linanguruma sijui nitafanya nini. Pengine nitakaa kimya kama mwanamume. Pengine nitatoka nje na kuita jina lako, na nitasema doa limerudi, na nitalia kweli kweli hata dereva ataamini. Usishuke. Ukinisikia naita, jua kwamba mimi ni mzima na farasi ni mzima, na umwambie dereva aondoe gari.

Ni mimi baba yako,
Sefu bin Mwinjuma, saisi.